Mahari ya Matairi Manne

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaribia kurudi nyumbani bila kichwa. Sitii chumvi. Nilikuwa nimesimama katika karakana ya matairi mjini Nakuru, ovaroli imenizidi mikono na miguu, nikimtazama fundi akijaza upepo tairi la lori. Ghafla kukasikika mlio ambao sijapata kuusikia tena maishani. Ile pete ya chuma inayobana tairi kwenye rimu iliruka, ikapita kando ya sikio langu, ikatoboa bati la paa na kwenda zake. Nilijikuta nimekaa sakafuni, na sikumbuki kama niliamua kukaa.

Mkurugenzi alitoka ofisini mwake. Alikuwa Kalasinga mrefu mwenye kilemba cha buluu, na karakana ilikuwa yake tangu enzi za baba yake. Hakuuliza nani ameumia. Alinyoosha kidole juu, na hapo nikaona kwamba paa lilikuwa na matundu mengine ya namna ile. Asubuhi nilikuwa nimeyaona nikadhani yamewekwa kuingiza mwanga.

"Wewe naona tundu?" akaniuliza.

"Naona, Mkurugenzi."

"Ile ya zamani, mtu ilikuwa simama karibu kuliko wewe. Sasa kuja, mimi funza wewe kitu."

Alinipeleka kwenye pikapu ya mteja iliyokuwa ikisubiri, akaniuliza tairi la mbele likoje. Nikaliangalia. Lilikuwa na meno marefu, jeusi, linang'aa. Nikasema ni zuri. Akaniambia niingize mkono nyuma ya tairi, upande ule unaoelekea injini, nikapapase. Nilipapasa, nikautoa mkono haraka kama niliyegusa jiko. Upande wa ndani meno yalikuwa yameisha kabisa na nyaya za chuma zilikuwa zimetokeza.

"Jicho naona nje," Mkurugenzi akasema. "Mkono naona ndani. Mtu ya tairi hapana amini jicho."

Nilifanya kazi ya matairi mpaka nywele zikageuka mvi, na nikiulizwa nilijifunza nini, nitasema nilijifunza hilo siku ya kwanza, na miaka yote iliyofuata nilikuwa narudia darasa. Nyinyi vijana mnajua simu kwa majina yake yote na kamera zake zote, lakini mwulize kijana gari lake limevaa tairi gani, atakwambia "nyeusi". Tairi ndicho kitu pekee cha gari kinachogusa barabara. Injini haigusi. Muziki ule mnaofungia kwenye buti haugusi. Uhai wako wote umekalia vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikubwa kama kiganja cha mtu mzima, basi. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilishindwa kupanda gari kwa raha kwa muda mrefu.

Baada ya kujua kufunga na kufungua, nilihamishiwa tawi letu la Gilgil. Huko bosi wangu alikuwa Meneja wa Tawi, mwanajeshi mstaafu tuliyemwita Afande, mtu wa maneno machache na githeri nyingi. Wateja wetu wakubwa walikuwa malori yaliyobeba ule udongo mweupe wa Kariandusi. Yalikuja yamepakwa unga kuanzia taa hadi matairi, na dereva akishuka unamwona macho tu.

Unga ule ndio uliokuwa adui yetu, kwa sababu huziba nyufa za tairi ukadhani limepona. Sheria ya Afande ilikuwa moja: osha kwanza, sema baadaye. Siku moja dereva mmoja alikataa kuoshewa. Alisema amechelewa, mzigo unangojwa Nairobi, tumwongezee upepo tu aende zake. Afande hakubishana naye. Alichukua ufunguo wa lori, akauweka juu ya benchi, akaukalia, akaendelea kula githeri yake.

"Mzee, nipe ufunguo!" dereva akafoka.

"Nitakupa nikimaliza kula."

"Na utamaliza saa ngapi?"

"Wakimaliza kuosha."

Dereva alitukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu wajukuu wangu wanasoma. Tulipoosha, ubavuni mwa tairi la mbele kulitokea mpasuko ambao ungeweza kuingiza kidole. Dereva aliutazama, akakaa benchini kando ya Afande. Mwishowe akaomba kijiko. Sikujua wakati ule kwamba siku moja nami ningekalia kitu cha mtu mbele ya ukoo mzima.

Nilirudi Nakuru kufanya kazi ya alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu yaelekee upande mmoja, na balansi, ambayo ni kugawa uzito wa gurudumu sawasawa lisitetemeke. Hapo bosi wangu alikuwa Msimamizi wa Mauzo, mama mmoja mfupi aliyezungumza polepole na kujua bei zote kwa kichwa. Wakati huo magari yalikuwa yameanza kubadilika. Nilizoea pikapu na malori. Sasa yalianza kuja haya magari ya saluni ya kifahari, ya mbio, yamelala chini kama paka anayevizia, tairi lenyewe jembamba ubavuni mpaka unajiuliza upepo unakaa wapi.

Nakumbuka mteja wa kwanza wa gari la namna hiyo. Alikuwa mfanyabiashara wa Milimani, amelinunua limekwishatumika ng'ambo, na alikuwa amefurahi kwa jinsi alivyolipata kwa bei nafuu. Msimamizi akamtajia bei ya matairi. Yule bwana akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemtukana.

"Madam," akasema, "mimi nimeuliza bei ya tyre. Sijauliza bei ya ploti."

"Ndiyo bei ya tyre, boss. Ya moja."

"Moja?"

"Moja. Gari ilishuka bei kwa sababu ilitumika. Tyre haijui kama gari ni ya mkono wa pili."

Nami nilikuwa nimeshtuka kuliko mteja. Nilifunga jeki nikaenda nyuma ya karakana kukokotoa mshahara wangu, nikaona heri nisingekokotoa. Msimamizi aliniita baadaye akanieleza. Kwa gari kama lile, tairi la nyuma ni pana kuliko la mbele, kwa hiyo huwezi kuyabadilisha mbele na nyuma kama tulivyozoea ili yaishe pamoja. Magurudumu ya nyuma yamelazwa kidogo kwa ndani ili gari lishike barabara kwenye kona, kwa hiyo tairi huliwa upande wa ndani, pale pale jicho lisipofika. Kisha kuna namba ya uzito ambao tairi linaweza kubeba, na herufi ya mwendo linaoweza kuvumilia. Ukifunga lenye herufi ya chini, linakubali kufungwa bila kulalamika, halafu linakuacha barabarani.

La ajabu zaidi, gari halikuwa na gurudumu la akiba. Matairi yake yalikuwa ya aina ambayo mafundi huiita ranflati. Ubavu wake ni mgumu hivi kwamba upepo ukiisha, gari haliketi chini. Linaendelea polepole hadi kwa fundi.

"Lakini sikiliza," Msimamizi aliniambia. "Ikishatembea bila upepo, imekufa. Ukiijaza itasimama vizuri, utadhani iko sawa. Hiyo ni maiti imevaa suti."

Jioni ile tulipokuwa tukila nyumbani Bondeni, sikunyamaza. Nilimweleza mke wangu, Mama Njeri, na binti yetu Njeri aliyekuwa bado shuleni, kwamba duniani kuna tairi lisilohitaji upepo. Walishangaa mpaka mboga ya sukuma ikapoa. Njeri aliniuliza tena na tena: "Kwa hivyo pancha haisumbui?" Nikamwambia haisumbui, unaenda tu. Nilijiona profesa.

Muda ukapita, nikastaafu. Karakana ilinipa kiinua mgongo, soda na keki, na Mkurugenzi, ambaye sasa alikuwa mzee wa kutembelea fimbo, alinishika mkono akaugeuza kiganja juu akauangalia. "Mkono bado naona," akasema. Nikahamia kwenye kipande chetu cha shamba upande wa Bahati, nikafuga kuku, nikadhani nimemaliza mambo ya matairi.

Kisha Njeri akaleta mchumba.

Jina lake Kevin, mkulima wa viazi kutoka Mau Narok, kijana mwenye heshima na mikono ya kazi, na sikuwa na neno baya juu yake. Siku ya ruracio, yaani siku ambayo ukoo wa kijana huja kwa wazazi wa msichana kuzungumza mahari, walikuja na msafara. Mbele ya msafara kulikuwa na saluni nyeusi ya kifahari, mbio tupu, imeoshwa mpaka kuku wangu walikuwa wanajiangalia kwenye mlango. Viazi vilikuwa vimelipa. Akina mama wakapiga vigelegele. Majirani wakapanda kwenye ua kuona vizuri.

Mimi nilikuwa nimevaa suti. Kila mtu alikuwa ananingoja niwasalimu wageni. Lakini macho yangu hayakuwafikia wageni. Yalikwenda moja kwa moja kwenye gurudumu la nyuma. Kwa nje lilikuwa zuri sana, na uzuri ule ndio ulionikera. Nikaenda, nikainama na suti yangu, nikaingiza mkono kwa ndani.

"Baba Njeri anatafuta nini?" nikamsikia mama mmoja akiuliza.

"Labda ni mila ya kwao," mwingine akajibu.

Nilitoa mkono na kidole kinavuja damu. Waya ulikuwa umenichoma. Nikazunguka upande wa pili, nikakuta nyaya vilevile. Nilisimama pale nikishika kidole. Gari lile lilikuwa limeshuka kutoka Mau Narok, na jioni lilipangwa kumpeleka binti yangu Nakuru kupiga picha. Niliwasalimu wageni hivyo hivyo, na nadhani niliacha damu kwenye mkono wa baba yake Kevin. Maskini, aliupangusa kwenye suruali.

Mazungumzo yalianza. Kwa desturi yetu baba wa msichana hafungui kinywa. Kuna msemaji wa upande huu na msemaji wa upande ule, na baba anakaa pale kama picha ya ukutani. Walitaja kwanza mwati na harika, yaani yule kondoo jike na mbuzi jike wa kufungulia mlango, ambao hawana mjadala. Hao walikuwa tayari wamefungwa nje wakila nyasi zangu. Baada ya hapo wakaanza mbuzi wengine, ambao siku hizi huletwa kama pesa. Msemaji wetu alikuwa anapandisha, msemaji wao, ambaye ni mjomba wa Kevin, akishusha. Mama Njeri alikuwa ametulia upande wa akina mama, macho yamemlegea, kwa sababu kichwani mwake mbuzi wale alikwisha kuwageuza tangi la maji.

Nilivumilia hadi nikashindwa. Nikasimama.

Msemaji wetu alinivuta koti. "Kaa chini, unatuaibisha," akaninong'oneza.

"Sitaki mbuzi," nikasema. "Hao wawili wa nje wamenitosha. Hizo pesa zingine zote ziende zikanunue matairi manne ya ile gari, mapya, kabla ya binti yangu kuingia ndani yake."

Nimeona watu wakishtuka kwa mambo mengi, lakini sijaona koo mbili zikishtuka kwa pamoja namna ile. Mzee mmoja wa kwetu alikuwa na supu mdomoni na ilibidi apigwe mgongo. Mjomba wa Kevin alivua kofia akaivaa tena.

"Wazee," mjomba akasema, "mimi nimeenda ruracio nyingi, lakini hii sijaona. Kijana wetu anunulie gari yake mwenyewe matairi, halafu tuseme amelipa mahari? Si huyu amejilipa mahari mwenyewe?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

"Baba Njeri," mke wangu akaniita kutoka upande wa akina mama, na akiniita hivyo mbele ya watu najua nina kesi, "unataka kuniambia tangi langu limekuwa tyre?"

"Tangi utapata. Njeri mwingine hutapata."

Hapo kicheko kikaisha. Nikawaonyesha kidole. Kevin aliinuka alipokaa, akatoka nje, na kupitia dirishani tulimwona akilala chali kwenye nyasi na suti yake nyeupe, kichwa chini ya gari. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Mzee yuko right," akasema. "Kuna waya. Aliyeniuzia aliniambia hizi tyre ni mpya. Na huko nje zinakaa mpya kabisa."

"Ufunguo," nikamwambia.

Alinipa. Nikauweka kwenye kiti, nikaukalia, nikaomba supu. Najua Afande angenielewa. Wageni walirudi kwao kwa magari mengine, na picha hazikupigwa.

Kesho yake fundi alikuja kutoka karakana yetu ya zamani na gari la kubebea magari, kwa sababu nilikataa liendeshwe hata hatua moja. Tulifuata nyuma: mimi, Kevin, Njeri na mama yake, ambaye alikuja kuona kwa macho yake tangi lake likienda. Msimamizi wa Mauzo alikuwa bado yupo, amepunguza mwendo lakini hajapunguza bei. Alipotaja bei ya matairi manne ya ranflati, aina ile ile ambayo gari lilitoka nayo kiwandani, mimi ndiye niliyetafuta mahali pa kukaa. Bei ile ilipita kiinua mgongo changu. Maisha yangu yote ya kuinama chini ya magari ya watu, na hayakutosha kuvalisha gari moja viatu! Nilikaa juu ya rundo la matairi nikihema.

"Mzee," Kevin akaniambia taratibu, "kuna jamaa hapo Bondeni ako na za ex-Japan, safi kabisa. Bei ni robo."

"Twende tukaone," nikasema, maana sikutaka aone ninamwamulia.

Tulikwenda. Yule jamaa alikuwa amepanga matairi yaliyokwishatumika Japani, yanang'aa kwa dawa ya viatu. Nilimwonyesha Kevin tarakimu nne zilizo ubavuni, ambazo ni wiki na mwaka wa kuzaliwa kwa tairi. Kevin akazisoma, akamwangalia Njeri.

"Hii tyre ilizaliwa ukiwa primary," akamwambia.

"Na iko sawa, boss!" muuzaji akasema. "Mpira haizeeki, ni watu wanazeeka."

Hatukununua. Lakini pia sikumruhusu Kevin anunue ya bei ile ya kuniua. Hapa ndipo vijana wengi hukosea: wengine hununua ya chini kabisa, wengine ya juu kabisa ili waonekane, na wote hawajauliza swali. Nilimwuliza Kevin anakwenda wapi na gari lile. Akasema Mau Narok, Nakuru, Nairobi mara moja moja. Basi, kwa barabara ya Mau Narok na mashimo yake, ranflati na ubavu wake mgumu ungempasulia rimu na uti wa mgongo. Tulichagua matairi ya kawaida, mapya, ya kampuni ya kuaminika, mawili mapana ya nyuma na mawili membamba kidogo ya mbele, namba ya uzito na herufi ya mwendo zikiwa zile zile za kitabu cha gari. Tukaongeza gurudumu dogo la akiba kwenye buti. Msimamizi alipiga hesabu, Kevin akalipa kwa simu, na mbuzi wote wa ukoo wetu wakaondoka kwa mlio mmoja wa ujumbe. Mama Njeri aliangalia pembeni.

Mafundi walianza kufungua matairi ya zamani. Ya nyuma yalitoka na nyaya zake, na hilo tulilijua. La mbele kulia lilikuwa zima. Fundi alipolivua la mbele kushoto kwenye rimu, akaliinamisha, ndani yake kukamwagika unga mweusi. Haukuwa kidogo. Ulimwagika kama majani ya chai kutoka kwenye pakiti iliyopasuka, ukafanya kilima sakafuni.

Mafundi wote walijua maana yake, nami nilijua. Ule unga ni mpira wa ubavu wa ndani, uliosagika. Tairi lile lilikuwa limetembea bila upepo, mbali, kwa mwendo, kisha likajazwa na kuendelea. Niliingiza mkono ndani. Ubavu ulibonyea kwenye vidole vyangu kama mkate uliolowa chai.

"Nani ameendesha hii bila upepo?" nikauliza. Nilikuwa namtazama Kevin. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuvunja ruracio.

Kevin alifungua mdomo, kisha akaangalia chini.

"Ni mimi, Baba," Njeri akasema.

Sikumwelewa. Nilimwomba arudie.

"Wiki iliyopita tulienda kupanda Mlima Longonot. Wakati wa kurudi Kevin alikuwa amechoka, nikaendesha mimi. Taa ya tyre ikawaka. Kevin akasema tusimame, nikamwambia hii ni ranflati, haisumbui. Tukaenda hadi Naivasha, tukajaza upepo kwa kituo cha petroli, tukakuja Nakuru. Tangu siku hiyo tunaongeza tu kila asubuhi."

"Ulikuja Nakuru na hii? Kwa mwendo gani?"

Macho yake yalianza kujaa machozi. "Si ni wewe ulituambia, Baba? Tukikula. Ulisema pancha haisumbui, unaenda tu."

Nilisema pia ile sehemu ya pili. Nina hakika nilisema kwamba likishatembea hivyo limekufa. Mama Njeri, aliyekuwa amesimama pale pale kando ya kilima cha unga, alisema sikusema, na mpaka leo anasema sikusema, na kesi hiyo huamka kila tukipika sukuma. Lakini pale karakana sikuwa na nguvu ya kubishana. Niliona barabara ile yote, kutoka Naivasha kupanda hadi Gilgil, malori yanayoshuka upande wa pili, na mtoto wangu ameshika usukani, anaimba pengine, akiwa amekalia kile kilichomwagika sakafuni. Nilikaa chini, mahali pale pale nilipokaa siku ya pete ile, na nilipoinua macho niliona tundu langu bado liko kwenye bati, linaingiza mwanga.

Nililia. Sioni haya kuandika. Kevin alikaa sakafuni upande mmoja, Njeri upande wa pili, na hakuna aliyeniambia ninyamaze. Mama Njeri alichota unga ule mweusi kwa mkono, akautazama, akauacha uchuruzike kati ya vidole vyake.

"Tangi linaweza kungoja," akasema.

Siku hizi watu huniuliza kama kustaafu kunachosha. Nawaambia sijawahi kustaafu, nimeacha tu kulipwa. Gari likiingia kwangu, liwe la pasta au la muuza gesi, naingiza mkono kabla ya kutoa salamu, na majirani wamezoea. Sijui kama kazi yangu ilikuwa kubwa. Najua tu kwamba nilipokuwa kijana nilidhani nafunga matairi, na kumbe wakati wote nilikuwa nafunga uhai wa watoto wa watu.

Njeri na Kevin walikuja Jumapili iliyopita. Walipokuwa wakiondoka, nilibaki mlangoni kwa makusudi, sikwenda kwenye gari. Njeri alikuwa amevaa kitenge kizuri cha kanisani. Alimpa Kevin mkoba amshikie, akainama kwenye gurudumu la nyuma, akapitisha kiganja chake kwa ndani, taratibu, kutoka juu mpaka chini. Akazunguka magurudumu yote hivyo hivyo. Alipomaliza aliangalia kiganja chake, akakipangusa kwa leso, ndipo akafungua mlango akaingia.

Wale mbuzi wengine hawajaletwa mpaka leo, nami sijauliza.